Lipa Kazi Ikionekana: Fedha ya Jimbo Ndani ya Biashara ya Mtu

Hotuba mbele ya washauri wa komuni, wakuu wa idara za jimbo na wafanyabiashara, Lubumbashi

Waheshimiwa washauri wa komuni, wakuu wa idara, ndugu wa FEC, shirikisho la makampuni, na wa COPEMECO, shirikisho la biashara ndogo na za kati, baba na mama wa masoko ya komuni zetu za Kenya na Katuba, tunawasalimu wote.

Mwenye kampuni anabisha hodi kwa gavana au kwa burgumestre, mkuu wa komuni ya mji. Anasema: nipeni kiwanja, nifikishieni umeme, niondoleeni kodi, nami nitaleta kazi kwa vijana wenu. Ajibiwe nini? Wengi hujibu ndiyo papo hapo, maana vijana wamekaa bure na mfuko wa unga haushikiki. Wengine hukataa kwa hasira: makuta (fedha) ya wote hayaingii mfukoni mwa mmoja. Sisi tunasema ndiyo inawezekana, ila ndiyo hiyo ina bei. Bei iandikwe kabla ya sahihi, na fedha itoke kazi ikiisha kuonekana.

Suala hili limekuwa zito tangu 2018. Sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi mwaka huo, iliyorekebisha Sheria ya Madini ya 2002, inagawa mrahaba wa madini namna hii: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komuni, sekta au chefferie (tawala za vijijini) yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Fungu la jimbo na la komuni linaingia moja kwa moja kwenye akaunti zao, bila kupitia Kinshasa. Shaba ya dola milioni 10 inatozwa asilimia 3.5, yaani dola 350,000. Humo jimbo linapata 87,500 na komuni 52,500. Kobalti ya thamani ileile, kwa kuwa imetangazwa kuwa madini ya kimkakati, inatozwa asilimia 10: jimbo linapata 250,000 na komuni 150,000. Komuni iliyozoea kuishi kwa kodi ya meza za soko inajikuta na fedha ambayo haijawahi kuishika, na penye fedha mpya wenye miradi hawakawii kufika. (Ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo kampuni za madini zinatenga kwa maendeleo ya jamii ni fungu lingine lenye usimamizi wake. Msiichanganye na bajeti ya komuni, hata kama anayeomba anaichanganya kwa makusudi.)

Fedha taslimu ndiyo aina ya msaada iliyo rahisi kuonekana, na ndiyo maana haiombwi sana. Kinachoombwa ni kiwanja chini ya bei, laini ya umeme iliyovutwa kwa gharama ya jimbo, dhamana ya mkopo wa benki, ahadi kwamba shule na hospitali zitanunua bidhaa, na zaidi ya yote, msamaha wa kodi. Msamaha wa kodi ni hatari kwa sababu hauonekani popote katika bajeti: hakuna hundi iliyoandikwa, hakuna mstari wa matumizi, hakuna wa kuuliza. Marekani, ambako miji na majimbo yamekuwa yakivutia viwanda kwa fedha ya umma tangu mpango wa Mississippi wa 1936, ni mwaka 2015 tu ndipo kanuni ya uhasibu nambari 77 ilipozitaka serikali hizo ziandike kila mwaka ni kodi kiasi gani zimeacha kukusanya kwa sababu ya mikataba ya namna hiyo.

Dhamana nayo inaonekana haina gharama mpaka siku mkopaji anapoanguka. Rhode Island, jimbo la Marekani, iliidhamini kampuni moja ya michezo ya video kwa dola milioni 75 mwaka 2010. Mwaka 2012 kampuni ikafilisika, na deni likabaki mikononi mwa umma. Komuni isiyo na fedha ya kulipa mkopo wenyewe leo haina haki ya kuudhamini.

Kwetu, kifungu cha 174 cha Katiba kiko wazi: hakuna msamaha wala punguzo la kodi pasipo sheria. Barua ya gavana, hata iwe na mihuri mitatu, haitoshi. Jimbo linaweza kupunguza kodi zilizo zake tu, kama kodi ya viwanja na majengo, ya magari na ya mapato ya nyumba za kupangisha, tena kwa sheria iliyopigiwa kura katika bunge la jimbo. Halina uwezo juu ya TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, wala juu ya ushuru wa forodha. Mwekezaji akiahidiwa na jimbo kwamba mashine zake zitapita bure, atafika mpakani Kasumbalesa na barua yake, DGDA, idara ya forodha ya taifa, itaikataa kwa haki, mashine zitalala kwenye uwanja wa forodha, gharama za kuhifadhi zitapanda kila siku, kisha atarudi kwa jimbo kudai fidia. Hapo mradi unaanza kuoza kabla ya msingi kuchimbwa, na kosa ni la aliyeahidi kisicho chake.

Kuna jambo la pili linalosahaulika: nani anavuna? Kiwanda kikifanya kazi, kodi ya mishahara, kodi ya faida ya asilimia 30 na TVA vinakwenda serikali kuu. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo na inakatwa hapohapo inapokusanywa. Kila aliyekaa katika ofisi ya fedha ya jimbo anajua jinsi fungu hilo linavyofika: kwa kuchelewa, tena pungufu. Kwa hiyo anayesema "msaada huu utajilipa wenyewe kwa kodi" aulizwe kodi ipi, inaingia akaunti ya nani, na mwezi gani.

Tuchukue mfano, tarakimu tumezibuni ili hesabu ionekane. Mtu anataka kujenga kinu kikubwa cha mahindi katika komuni ya Annexe. Anaomba laini ya umeme na kabini ya dola 180,000, kipande cha barabara cha 70,000, na msamaha wa kodi ya kiwanja wenye thamani ya 50,000 kwa miaka 5. Jumla 300,000. Anaahidi ajira 60. Gawanya: dola 5,000 kwa ajira moja. Ni bei nzuri, na ndiyo itakayosomwa siku ya kukata utepe.

Sasa uliza: bila msaada, asingekuja? Timothy Bartik, mchumi wa taasisi ya Upjohn huko Michigan, alikusanya tafiti nyingi za Marekani akakuta kwamba misaada ya aina hii iligeuza uamuzi wa kampuni 2 mpaka 25 katika kila 100. Zilizobaki zingejenga palepale hata zisingepewa kitu. Tumhurumie mwombaji wetu, tumpe nafasi 50 katika 100. Ajira zinazotokana na msaada zinabaki 30, na bei ya moja inakuwa dola 10,000. Halafu kuna vinu vidogo vya komuni za Katuba, Rwashi na Kampemba. Kinu kikubwa hakiongezi midomo ya kula bukari (ugali); kinachukua wateja wa wengine. Theluthi ya ajira mpya ikiwa imetolewa kwao, zinabaki 20, nayo bei inafika dola 15,000 kwa kila moja. Tena hapo tumedhani kinu kitadumu. Mahindi ya Zambia yakiingia kwa wingi na bei ikianguka, au Zambia ikifunga mpaka wa mahindi na kinu kikakosa cha kusaga, inaweza kuwa miaka miwili tu.

Hatusemi dola 15,000 ni nyingi mno. Pengine komuni itaona zinafaa. Tunasema mshauri anayeinua mkono ainue akijua ni 15,000, si 5,000.

Tazameni tena zile 300,000. Barabara na umeme ni 250,000 kati ya hizo, navyo vinaweza kuwatumikia wengi vikipangwa vizuri. Mashine za kinu zikihitaji transfoma yenye nguvu ya kVA 250, wekeni ya kVA 630. Gharama kubwa ya kazi hiyo iko kwenye nguzo, nyaya, mitaro, jengo la kabini (chumba cha transfoma) na mafundi, nayo hiyo mnailipa kwa vyovyote. Tofauti ya bei ya transfoma ni ndogo ukilinganisha. Nafasi inayobaki itawaunganisha wachomeleaji, maseremala, vyumba vya baridi na vinu vidogo vya jirani. Lakini kuna masharti mawili, na bila hayo umeme utakuwa wa mtu mmoja. La kwanza: kabini ijengwe ukingoni mwa barabara, mlango wake ukitazama nje, isiwe ndani ya ukuta wa kiwanda. Ikiwa ndani, mwenye ukuta ndiye atakayeamua nani anaunganishwa, na bila shaka atadai chake. La pili: karatasi ya makabidhiano na SNEL, shirika la umeme, isainiwe kabla ya umeme kuwashwa, ikitaja kwamba kabini ni mali ya umma na kiwanda ni mteja kama wateja wengine.

Ndiyo maana sisi tunapendelea fedha iende kwenye kitu kitakachobaki hata kampuni ikiondoka. Kampuni ikianguka, msamaha wa kodi umepotea. Barabara bado ipo.

Tuje kwenye kontra, yaani mkataba, maana huko ndiko fedha nyingi inakopotelea.

Anzeni na ardhi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali na mtu anapewa haki ya kuitumia. Utaratibu wenyewe unawasaidia: kwanza mpe kontra ya kupanga isiyozidi miaka 3, yenye sharti la kukiendeleza kiwanja, na kisemwe waziwazi nini maana ya kuendeleza: ukuta wa mita ngapi, ghala la ukubwa gani, mashine zipi zimefungwa. Akitimiza, ndipo apewe konsesyoni, yaani haki ya muda mrefu ya kuitumia ardhi, na cheti cha usajili. Mkimpa cheti mapema, mmemaliza silaha yenu, kwa sababu cheti kikiisha kutimiza miaka 2 hakishambuliki tena. Mtabaki kudai fidia mahakamani. Kuna watu hawana nia ya kujenga hata tofali moja. Wanataka cheti wakipeleke benki, au wakiuze.

Fedha ifuate mwendo huohuo. Siku ya sahihi isitoke hata franka. Asilimia 20 itoke mashine zikiwa zimefungwa na fundi asiye wa kampuni amezikagua zikizunguka, si zikiwa kwenye masanduku. Asilimia 40 itoke baada ya miezi 6 ya ajira zilizothibitishwa, na 40 za mwisho baada ya miezi 24.

Zimethibitishwa na nani? Orodha iliyochapwa na kampuni haithibitishi kitu. Ombeni matamko ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, pamoja na risiti za malipo yake, mwezi kwa mwezi, na mlinganishe na orodha ya benki ya mishahara. Majina yasiyolingana yafutwe kwenye hesabu. Ujanja wa hapa unajulikana: vibarua wa siku wanahesabiwa kama wa kudumu, mtu mmoja anaandikwa katika kampuni mbili za tajiri mmoja, au kiwanda cha Kampemba kinafungwa kimyakimya na wafanyakazi wake wanahamishiwa Annexe, halafu tunapigia makofi ajira 60 "mpya". Dawa ya ujanja huo wa mwisho ni kuandika kwenye kontra idadi ya wafanyakazi wa kampuni zote za mwombaji siku ya sahihi, na kuhesabu zinazozidi hapo tu.

Kifungu cha kurudisha kiwe na hesabu ndani yake. Maneno kama "kampuni itachukuliwa hatua" hayana thamani mbele ya hakimu. Andikeni: ameahidi 60, akitoa 36, pungufu ni asilimia 40, basi anarudisha asilimia 40 ya alichokwisha kupokea, ndani ya siku 60, kwenye akaunti fulani ya jimbo. Na kwa kuwa kesi zetu zinakwenda polepole, asimamie ahadi hiyo kwa dhamana ya benki inayolipwa inapodaiwa mara ya kwanza. Asipoipata, chukueni rehani juu ya mashine na muiandikishe kwenye RCCM, rejista ya biashara na dhamana, maana tangu 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, na sheria zake za dhamana zinatumika hapa. Rehani isiyoandikishwa ni karatasi tu. Siku kampuni inapoanguka, benki na wenye dhamana zilizoandikishwa watatangulia, nalo jimbo litasimama mwisho wa mstari.

Wisconsin, jimbo jingine la Marekani, inaonyesha tofauti ya kulipa kabla na kulipa baada. Mwaka 2017 Foxconn, kampuni ya Taiwan ya vifaa vya elektroniki, iliahidi kuwekeza dola bilioni 10 na ajira 13,000, na jimbo likaahidi misaada ya karibu dola bilioni 3. Kiwanda kilichoahidiwa hakikujengwa. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: dola milioni 672, ajira 1,454, na msaada usiozidi dola milioni 80. Jimbo halikuumia sana, kwa sababu mkataba wake ulikuwa wa kulipa ajira zikionekana, na zisipoonekana lilikataa kulipa. Walioumia ni kijiji cha Mount Pleasant na kaunti ya Racine. Hao walikwisha kukopa, kununua ardhi, kuhamisha wenye nyumba, kutandika mabomba na kupanua barabara, kwa ahadi tu. Baadaye Microsoft ilinunua sehemu ya ardhi hiyo kwa vituo vya kompyuta, ikawa nafuu kwao. Lakini hiyo ilikuwa bahati, na bajeti ya komuni haipangwi kwa bahati.

Hapa mfanyabiashara atainuka aseme, na ana haki: "Mnataka nijenge kwanza ninyi mlipe baadaye. Nani hapa aliwahi kulipwa na Serikali kwa wakati?" Tunakubali. Wenye maduka ya vifaa vya ofisi na wenye garaji wa mji huu wanajua deni la jimbo lina sura gani. Ndiyo maana fedha ya msaada itengwe siku ya sahihi katika akaunti iliyofungwa, kwenye benki ya biashara, benki ikiwa na maagizo ya maandishi: ikipokea cheti cha ukaguzi chenye sahihi mbili, inalipa, muda ukipita bila cheti, fedha inarudi kwenye bajeti. Hivyo kampuni haimtegemei gavana, naye gavana mpya hawezi kuifuta kwa simu. Jimbo lisiloweza kutenga fedha hiyo siku ya sahihi halina msaada wa kutoa. Lina ahadi, na ahadi zimejaa.

Kuhusu kushindana na Kolwezi, mji mkuu wa jimbo jirani la Lualaba, tutasema machache. Tangu Katanga ilipogawanywa 2015, kampuni inaweza kwenda Lualaba na kusema Haut-Katanga, jimbo letu, imenipa hiki, kisha ikaja hapa na kusema hivyohivyo. Kansas na Missouri, majimbo ya Marekani, zilichezewa mchezo huo miaka mingi katika mji mmoja, Kansas City, kampuni zikivuka barabara moja tu ili zisamehewe kodi, mpaka 2019 majimbo hayo mawili yalipokubaliana kuacha. Mabunge yetu mawili yanaweza kuandika kifungu cha namna hiyo katika kikao kimoja: hakuna msaada kwa kampuni inayohamisha tu ofisi au karakana kutoka jimbo moja hadi jingine.

Sasa wapo wanaosema: acheni matajiri, wasaidieni wadogo. Ni wazo zuri ambalo majirani zetu Watanzania wamelijaribu kwa ukubwa. Halmashauri zao zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hilo liliwekwa katika sheria 2018. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa, baada ya ukaguzi kukuta vikundi hewa na fedha nyingi isiyorudi. Mwaka 2024 ikarejeshwa, na baadhi ya halmashauri zikapewa utaratibu wa kupitishia benki. Anayedhani mdogo hahitaji kontra kwa kuwa ni mdogo aangalie hapo.

Mkopo unaotolewa na mwanasiasa, kwa orodha aliyoiandika mwenyewe, karibu na uchaguzi, watu wanauhesabu kama zawadi, na kusema kweli hawakosei. Kwa komuni za Lubumbashi tunashauri hivi: kikundi kiwe kimeendesha likelemba (upatu) yake mwaka mzima kabla ya kuomba, na daftari lake lionekane, washiriki watembelewe mahali pao pa kazi, si kuitwa ofisini, na fedha isipite mkononi. Mama wa kushona akihitaji cherehani, komuni imlipe muuza cherehani. Kijana wa kuchomelea akihitaji mashine, vilevile. Cherehani inaweza kuuzwa, ndiyo, lakini jirani wataona, na nambari yake imeandikwa. Washauri wa komuni wasiwe na kura katika kuchagua nani anapata. Kazi yao iwe kupitisha masharti, na kusoma ripoti ya malipo kila baada ya miezi 3.

Kiwango cha juu nacho kiwepo. Umoja wa Ulaya unaruhusu msaada mdogo usiohitaji kibali cha makao yake Brussels, na tangu Januari 2024 mpaka wake ni euro 300,000 kwa kampuni moja katika miaka 3. Tarakimu yetu itakuwa ndogo zaidi, kila komuni na uwezo wake. Muhimu ni kwamba ihesabiwe kwa kampuni zote za mwenye mali mmoja pamoja, la sivyo ataandikisha tatu.

Washauri mliochaguliwa Desemba 2023, bajeti inayokuja iambatanishwe na jedwali moja. Mstari mmoja kwa kila kampuni iliyosaidiwa: jina na nambari ya RCCM, kiwanja kilipo na ukubwa wake, kodi iliyosamehewa kwa franka, kazi zilizojengwa kwa ajili yake, ajira zilizoahidiwa, ajira zilizoonekana CNSS, tarehe ya mwisho ya kontra. Jedwali hilo libandikwe mlangoni pa komuni, si kuwekwa kabatini.

Na kabla ya bajeti kuna kazi ya wiki hii. Nendeni kwa mhifadhi wa hati za ardhi mkaombe orodha ya vyeti vilivyotolewa kwa kampuni zilizopewa viwanja vya umma katika komuni zenu. Tengeni vile ambavyo havijatimiza miaka 2, kisha nendeni kwa miguu mpaka kwenye kila kiwanja mkaone kama kuna ukuta au kuna majani. Penye majani, mwanasheria wa mji apewe jalada kabla tarehe haijapita.